Mgeni Aliyekunywa Maziwa

Usumbura, 8 Rajabu 1327

Kwa dada yangu Mwasiti binti Maalim Swedi, Mungu akuweke. Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Hamisi na watoto. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la kiangazi. Mama pale Rumonge hajambo, bado anaanika ndagala za ziwani kwa mikono yake na bado anagombana na kunguru. Nawe u hali gani? Mguu ule ulipona?

Ama baada ya salamu, jiandae kucheka. Nimepata kazi. Kuna Mdachi mmoja hapa bomani, si askari wala si mtoza kodi. Kazi yake ni kuandika nchi. Mlima anaupima kwa kioo chenye miguu mitatu. Mto anauliza jina lake, unatoka wapi, unaishia wapi, na wanaokaa kando yake ni watu gani, wanakula nini, wanaoana vipi, wanazikana vipi. Kiswahili anakijua sana, lakini Kirundi hana hata neno la kuombea maji. Akatafuta mkalimani anayezijua nchi zote za bara, toka ziwani mpaka mto Ruvuvu. Nikasema, ni mimi huyo.

Wewe unanijua. Kirundi cha sokoni ninacho, lakini sijawahi kupanda zaidi ya pale michikichi inapokoma. Kwetu Rumonge mlima ni kitu cha kutazama ukinawa uso asubuhi. Tunakaa barazani tukisema watu wa juu wako hivi na vile, na hakuna aliyekwenda kuwaona ila wewe, nawe ulipokwenda tulikufungia mlango. Najua. Siandiki ili tulirudie hilo.

Nakuomba uniandikie jinsi nchi ilivyo huko na watu wanavyoishi, ili Bwana akiniuliza nisibaki nimekodoa macho. Barua mpe Shafii muuza chumvi, ndiye anayepita kote. Na mama usimwambie kwamba sijui, ameshajisifu kwa majirani.

Mdogo wako,
Alimasi

Bugarama, 25 Rajabu 1327

Amahoro, Alimasi. Sisi huku wazima, Mungu ashukuriwe. Mguu ulipona zamani, hata kovu limesahau. Watoto wanakua. Hamisi anakusalimu, na mimi nimefurahi kwamba kikohozi ndicho kibaya ulicho nacho.

Nilipoona mwandiko wako nilikaa chini kwanza. Nilidhani mama amekufa. Tangu niolewe hujaniandikia hata neno, basi nilijiuliza kitu gani kingine kingekukumbusha kwamba baba alitufundisha kusoma sote wawili. Kumbe ni kazi! Haya, nimecheka kama ulivyotaka, sasa sikiliza.

Ukiacha michikichi unapanda kutwa nzima, na magoti yatakuambia. Migomba inakuja, halafu maharage kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angefikiri mara mbili, halafu majani mafupi na baridi. Utatetemeka, chukua blanketi. Ukifika mgongo wa juu kabisa utaona maji yanaachana. Ya upande huu yanarudi ziwani kwetu. Ya upande ule yanakwenda Ruvuvu, na baada ya hapo hakuna mtu ninayemjua aliyeyafuata. Bwana wako atapenda hilo.

Vijiji usivitafute, hamna. Kila mtu na boma lake, na migomba yake imelizunguka. Usipite karibu na mlango bila kubisha kwa mbali. Wanaofinyanga vyungu ni Batwa, wanakaa peke yao bondeni, na usiwacheke, maana vyungu vya mama vyote wamevifinyanga wao. Mkubwa akiongea, usimkate. Watu wa huku hawapigi kelele kama sisi. Anayepiga kelele wanadhani anaumwa.

Na jambo moja kubwa kuliko yote. Huku samaki haliwi. Wenye ng'ombe wanasema aliyekula samaki akinywa maziwa, yule ng'ombe ataharibika, atatoa damu. Mimi sijatia ndagala mdomoni tangu nije, wala silitaji jina lake mbele ya mama mkwe. Miaka yote hiyo nilikuwa nafagia, napalilia, nachota maji, lakini vyombo vya maziwa sikuruhusiwa kuvigusa. Mwaka huu ndipo mama mkwe aliponipa igisabo, kibuyu cha kusukia siagi. Alinipa mbele ya wake wengine wa boma, akasema, "Mwasiti ni wetu." Nililia mbele za watu, Alimasi, na mimi si mtu wa kulia.

Kwa hiyo ukiletewa maziwa na umekula ndagala, sema tu, nimekula samaki. Hakuna atakayekasirika. Watakupa kitu kingine na mazungumzo yataendelea. Ila usinywe.

Dada yako,
Mwasiti

Rumonge, 12 Shaabani 1327

Kwa dada yangu mpenzi, salamu kama mchanga wa hapa ufukweni. Mama mzima, mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Natumaini barua hii itawakuta nyote salama.

Bwana amefurahi mno! Yale ya maji kuachana nilimwambia tukiwa Kabezi, tukitembea, kana kwamba nimeyakumbuka ghafla. Alisimama njiani. Alinishika bega. Tangu siku hiyo ananiita "mwalimu wangu" mbele ya wapagazi, na tulipopita Muhuta alinikalisha kwenye kiti.

Sasa, dada, kuna kitu nimefanya, nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaikunja barua. Bwana aliniuliza asili yangu. Nikasema babu yangu alitoka Maskati. (Wewe unajua babu alitoka Manyema, na unajua alikuja amebeba nini kichwani na kwa amri ya nani.) Basi akauliza, je, nyinyi waungwana wa ziwani mnaoana na watu wa milimani? Nikasema hapana, desturi yetu hairuhusu. Akaandika. Akauliza kama nina jamaa yeyote huko juu. Nikasema sina.

Lilinitoka tu. Baba alisema maneno hayo miaka yote barazani, nayo yalikuwa tayari mdomoni. Na sasa keshokutwa tunapanda, na Bwana amechagua kulala karibu na boma la baba mkwe wako kwa sababu ya ule mgongo wa maji, niliousifu mimi mwenyewe.

Nakuomba ukiniona unisalimu kama mgeni. Siku moja tu. Bwana akishaondoka nchi hii nitakuja mwenyewe na zawadi, tutakaa, tutacheka. Mama ananifungia ndagala za njiani, anakusalimu kimoyomoyo, maana kwa mdomo bado hawezi.

Mdogo wako,
Alimasi

Bugarama, 6 Ramadhani 1327

Alimasi, amahoro. Ramadhani njema. Mimi nafunga peke yangu humu, Hamisi anafunga siku anazokumbuka. Watoto wazima. Mimi mwili ni mzima.

Nilifanya ulivyoniomba. Nilisimama penye mlango wa nyumba, mtoto mgongoni, nikakutazama unaingia bomani mwa watoto wangu kama mtu anayeingia sokoni. Umenenepa. Nilitaka kukuambia umenenepa. Bwana wako aliponigeukia akauliza, "Mama, unajua Kiswahili?" nilitikisa kichwa. Lugha aliyonibembelezea mama nilitikisa kichwa kwamba siijui, nawe ulikuwa umesimama hapo unaitazama miguu ya kile kioo.

Halafu baba mkwe akaleta maziwa kwenye inkongoro, kile chombo cha mti cha wageni wakubwa. Bwana akaonja, akakupa wewe. Mfuko wa mama ulikuwa begani kwako. Nililijua fundo lake toka mbali. Na mkono wako wa kulia ulikuwa bado una magamba, Alimasi, umekula njiani asubuhi ile ile.

Nilikuandikia maneno mawili tu ya kusema. Nilikutazama nikiyasema moyoni ili uyasikie. Wewe ukawatazama wapagazi, ukamtazama Bwana, kisha ukanywa mpaka ukaangalia juu, ukafuta midomo, ukasema maziwa ya nchi hii ni matamu. Najua kwa nini. Uliona haya kusema mbele yao kwamba unakula samaki, kwamba u mtu wa kuanika ndagala kama sisi wote. Na mimi sikupiga kelele kwa sababu ningepiga kelele ningesema, mdogo wangu, acha.

Sasa Gaju, yule ng'ombe mwekundu aliyekamuliwa siku ile, anatoa damu. Kiwele kimevimba, maziwa mekundu. Mama mkwe alikuja akachukua igisabo mikononi mwangu. Tangu siku hiyo nalala jikoni na watoto wananiletea chakula. Wanadhani ni mimi niliyekula, kwa siri. Nani mwingine hapa ametoka ziwani?

Hamisi, ambaye siku ile alikuwa malishoni, alikuja jana. Yeye alijifunza Kiswahili cha huko kwetu alipokuwa anauza ngozi, unakumbuka mlivyokuwa mnamcheka. Akasema, "Mwasiti, uniambie ukweli. Ule mukalimani iko nani?"

Nikasema, "Simujui."

"Mutoto wa mama yako?"

"Simujui, Hamisi."

Akanitazama sana, akatoka. Sijawahi kumdanganya mume wangu kabla ya jana.

Njoo. Njoo peke yako, bila Bwana. Simama mbele ya baba mkwe useme kwa kinywa chako, ni mimi niliyekunywa. Huku jambo hili linaondolewa na kinywa kilichokosa, si cha mwingine. Halitakuchukua hata muda wa kuchemsha maji.

Dada yako,
Mwasiti

Usumbura, 4 Shawwali 1327

Kwa dada yangu Mwasiti, Idi njema, Mungu azipokee funga zetu. Natumaini wewe na watoto hamjambo. Mimi sijambo kidogo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika pale penye magamba naikunja. Nimeona aibu, dada. Naona aibu hata sasa ninavyoandika.

Lakini nifikirie na mimi. Bwana haachi kuniita toka asubuhi mpaka jioni, anapanga yote niliyomwambia. Nikiomba ruhusa ya kupanda huko ataniuliza nakwenda kwa nani. Nimwambie kwa dada yangu? Basi ya Maskati yatakwisha, na ya kutooana yatakwisha, na yale ya maji na Batwa na maboma atajua yametoka kwako. Ataniona mtu gani? Na watu wa hapa bomani, wote wananiamkia sasa. Tena ng'ombe huugua, dada. Viwele huvimba hata kwa watu ambao hawajaliona ziwa. Baba angesema hayo ni mambo ya kishenzi.

Nakutumia kwa mkono wa Shafii doti ya kaniki nzuri na chumvi ya Uvinza. Mpe mama mkwe, bila shaka moyo wake utalainika. Na wewe ujifunike, huko baridi.

Mdogo wako anayekupenda,
Alimasi

Bugarama, 21 Shawwali 1327

Alimasi, amahoro. Sisi wazima.

Kaniki yako inarudi na Shafii, na chumvi pia. Shafii amelalamika mzigo, nimemwambia akulalamikie wewe.

"Mambo ya kishenzi." Umeandika hivyo kwa mkono wako, kwa mtu anayelala jikoni.

Nimesema mwenyewe. Ijumaa iliyopita, watu wa boma wamekaa, nilitoka jikoni nikapiga magoti mbele ya baba mkwe. Nikasema yule mkalimani ni mdogo wangu, tumetoka tumbo moja, alikuwa amekula samaki akanywa, na mimi niliona nikanyamaza. Nilikuwa nangoja waniambie nichukue mkeka wangu niteremke Rumonge, ambako nako sina mlango.

Unajua mzee alinijibu nini? Alisema, "Tulijua." Walikusikia harufu ulipoinama kupita langoni. Wanainusa kama sisi tunavyonusa moshi. Na sura zetu je? Mama mkwe alisema tuna masikio yale yale, yamesimama kama ya mbuzi anayesikiliza. Mzee alileta maziwa kusudi, akupe nafasi ya kusema. Ng'ombe mmoja, alisema, atapona au hatapona, ng'ombe ni ng'ombe. Kilichowauma ni kwamba mwanamke waliyemwita wetu alimtazama mtoto wa mama yake akasema simjui. "Mtu anayemkana nduguye," akasema, "kesho atawakana na wakwe zake."

Nimeona aibu ambayo sikuijua. Nilidhani nakutunzia wewe heshima, kumbe nilikuwa najivua mimi nguo.

Wamenirudisha nyumbani. Igisabo bado. Mzee anasema limebaki upande mmoja, mimi nimesema na wewe hujasema, na anataka useme mbele ya Bwana wako, kwa sababu mbele yake ndipo uliponikana. Nimemwambia utakuja. Nimeahidi kwa niaba yako, Alimasi, bila kukuuliza, kama dada anavyoweza.

Dada yako,
Mwasiti

Kabezi, 3 Dhulhija 1327

Dada Mwasiti, salamu nyingi. Naandika nimeinama kwenye hema, mvua haikatiki, karatasi imelowa. Nina afya. Naomba nawe uwe nayo.

Tunapanda tena. Bwana anataka kuona ule mgongo wakati wa mvua, maji yakiwa mengi, kabla hajarudi kwao Ulaya. Tutafika kwenu juma lijalo. Hii ni nafasi ambayo Mungu ameileta, mimi sikuitafuta.

Nitasema. Naapa kwa kaburi la baba, aliyenifundisha maneno mabaya na mwandiko mzuri. Nimejizoeza njiani. Nimemwambia mpagazi mmoja, Riziki, kwamba nina dada Bugarama, na mbingu haikuanguka, alisema tu hata yeye anaye wa kwake Muhuta. Mzee akisema neno lolote nitalitafsiri kama lilivyo, hata likinichoma ulimi.

Nisubiri mlangoni. Safari hii nitakutazama.

Mdogo wako,
Alimasi

Bugarama, 9 Muharramu 1328

Alimasi, amahoro. Mwaka mpya wa heri. Watoto wazima, Hamisi mzima, mimi nina mimba, nayo haijambo.

Nilikusubiri mlangoni, na kweli ulinitazama. Nitakuwa mwaminifu kwako, nilifurahi. Nilikuona umekonda nikakuhurumia.

Hamisi alikuwa ameteremka na ng'ombe bondeni, na hilo namshukuru Mungu kila siku, kwa sababu yeye anasikia Kiswahili. Wengine wote walikuwepo, hata majirani wa mabondeni walikuja na mvua ile, maana walikuwa wameambiwa. Baba mkwe akasimama. Alisema polepole, akakatakata maneno ili usipate shida: "Mwambie bwana wako kwamba wewe na mwanamke huyu mmenyonya ziwa moja. Mwambie mlikanana mbele yake. Hatudai kitu. Tunataka tu asikie kutoka kwako."

Watu wote wakakugeukia.

Nawe ukamgeukia Bwana, ukasema kwa Kiswahili kizuri, kile cha baba: "Mzee anasema mwaka huu mvua imekuja vizuri, na anakushukuru kwa kurudi tena katika nchi yake."

Bwana akacheka kwa furaha. Akamshika mzee mkono, akautikisa, akamshika tena. Na baba mkwe, alipoona Mdachi anafurahi hivyo, akanigeukia mimi, kwa kuwa kati ya watu wa boma siku ile ni mimi tu niliyeelewa ulichosema.

"Amesema?"

Ulikuwa karibu yangu, mahali pa kunyoosha mkono tu. Ulikuwa unatazama chini. Ningeweza kumwambia Bwana mwenyewe, kwa lugha yetu, nikamaliza. Niliiona shingo yako, ilivyokonda.

Nikasema, "Amesema."

"Yote?"

"Yote, baba."

Ndipo walipopiga makofi. Ulidhani wanampigia Bwana, nilikuona ukimwambia hivyo, ukatabasamu. Walikuwa wanakupigia wewe, Alimasi. Wewe, kwa ujasiri wako. Mama mkwe aliingia ndani akaleta igisabo akakiweka mapajani mwangu mbele ya majirani wote, na mimi nikakipokea. Nakisuka kila asubuhi. Siagi inatoka vizuri, kama kwamba hakuna neno.

Nimewadanganya watu ambao hawakunidanganya hata mara moja. Mara ya kwanza nilinyamaza, mara ya pili nilimkana ndugu, mara hii nimesema uongo kwa kinywa wazi, na ndiyo iliyonirudishia igisabo. Sina wa kumwambia. Ningemwambia Hamisi, angenisamehe, halafu angeona haya mbele ya baba yake maisha yake yote. Kwa hiyo nakuambia wewe.

Huku wanakusifu. Jioni kwenye moto mzee anawasimulia wageni habari zako, mtu wa ziwani aliyesema kweli mbele ya Mdachi, na kila akisimulia unakuwa mrefu zaidi. Amesema mtoto huyu akiwa wa kiume ataitwa Alimasi. Nami nitamwita hivyo, asubuhi na jioni, mpaka mmoja wetu afe.

Wanauliza utakuja lini. Wamekutengea mahali pa kukaa, karibu na mzee mwenyewe. Ukija watakupokea kwa mikono miwili, watakuinua, watakuomba uwasimulie mwenyewe ulivyosema, na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni nasikiliza.

Usije.

Dada yako,
Mwasiti